Daftari la Wabakaji: Nani Apewe Ruhusa ya Kulifungua?

Kila inaposikika habari ya mtoto aliyenajisiwa, wananchi hutoa ombi moja: majina ya wabakaji yaandikwe katika daftari, na daftari hilo liwekwe wazi, kila mzazi alisome. Ombi hili si la upuuzi. Mzazi anayo haki ya kujua ni nani anayekaa ukuta kwa ukuta na mwanawe. Lakini kabla hatujalipigia makofi, yatupasa tutazame jinsi jambo hili lilivyotendeka katika nchi zilizotutangulia, maana daftari la namna hii si ndoto. Lipo, limefanya kazi miaka mingi, na matunda yake yaonekana, matamu na machungu.

Tuanze na Marekani, ambako ndiko lilikoota mizizi. Jimbo la California liliweka daftari lake mwaka 1947, nalo lilikuwa la polisi peke yao. Mwaka 1994 Serikali Kuu iliyaagiza majimbo yote yaweke madaftari, na mwaka 1996 ikaja sheria inayoitwa kwa jina la mtoto Megan, iliyoamuru raia wapewe habari zilizomo. Sheria ya mwaka 2006 ikawagawa wakosaji katika madaraja matatu. Wa daraja la kwanza huandikwa kwa muda wa miaka 15, wa pili miaka 25, wa tatu maisha yake yote. Yampasa mtu huyo ajiandikishe mahali anapokaa, mahali anapofanya kazi na mahali anaposoma, na akihama atoe habari kabla hazijapita siku 3 za kazi. Wa daraja la tatu hujihudhurisha kila baada ya miezi mitatu ili ahakikishwe. Asiyefanya hivyo aweza kufungwa mpaka miaka 10.

Na raia hutafutaje? Hukaa mbele ya kompyuta, akaandika jina la mtu au la mtaa, bila kuulizwa sababu, na mara picha na anuani zamtokea. Mwaka 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikata shauri lililotoka Alaska, ikasema kwamba kuandikwa na kutangazwa hivyo si adhabu bali ni hadhari tu, na kwa sababu hiyo sheria yaweza kumshika hata mtu aliyetiwa hatiani kabla haijatungwa.

Si adhabu! Hebu tuone. Huko Miami watawala wa wilaya waliongeza amri kwamba mtu wa daftari asikae karibu na shule kwa umbali wa futi 2,500, yaani mita zipatazo 760. Walipochora duara hizo katika ramani ya mji uliojaa shule, hapakubaki pa kukaa. Kati ya mwaka 2007 na 2010 makumi ya watu hao waliishi katika vibanda chini ya daraja kubwa la barabara lipitalo juu ya maji, na anuani iliyoandikwa daftarini ikawa ni daraja hilo. Hatuwaonei huruma kwa waliyoyatenda. Twauliza tu swali la mtu mwenye watoto: je, mtu asiye na nyumba, asiye na kazi, asiye na ndugu wa kumtazama, ni rahisi zaidi kumlinda mtoto naye, au ni vigumu zaidi?

Uingereza walishika njia nyingine. Daftari lao lililotokana na sheria ya mwaka 1997 limo mikononi mwa polisi. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya mtu fulani aliye karibu na mtoto wake huwaendea polisi akauliza. Nao wakiona hatari, humweleza yeye, na yampasa aitunze siri hiyo. Utaratibu huo ulijaribiwa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2011 ukaenea England na Wales. Walikuwa na sababu ya kuogopa kutangaza. Mwaka 2000 gazeti moja la huko lilipoanza kuchapa majina na picha, watu walijaa barabarani katika mtaa mmoja wa Portsmouth, wakawahamisha wengine kwa nguvu. Na katika mji wa Newport, mganga mwanamke wa watoto alikuta nyumba yake imechorwa neno la kumwita mnajisi, kwa kuwa jina la kazi yake kwa Kiingereza lafanana kidogo na jina la uovu huo. Mganga wa watoto! Hasira isiyojua kusoma vizuri ni kitu cha kutisha, nasi hatuna haki ya kuwacheka Waingereza, kwani hapa kwetu kelele moja ya "mwizi" imekwisha kuua watu wasio na hatia.

Karibu na nyumbani, Kenya ilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni na Bibi Njoki Ndung'u. Sheria hiyo yaamuru Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la waliotiwa hatiani, nalo laweza kukaguliwa na mtu mwenye sababu ya haki. Tena mkosaji wa hatari akiomba kazi ya kulea au kusimamia watoto, akanyamaza asilitaje kosa lake, kunyamaza huko peke yake ni kosa jipya. Nigeria waliweka daftari lao wazi kwa watu wote mwezi Novemba 2019. Afrika ya Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2007, humtaka mwajiri aulize kabla hajampa mtu kazi ya kukaa na watoto.

Na sisi je? Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haikuweka daftari la namna hiyo. Iliweka kitu kizito zaidi: kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Hapa ndipo wengi wanaoitaja Marekani hawajafikiri. Kule wengi wa walioandikwa wako mitaani, wamemaliza vifungo vifupi. Kwetu, aliyetiwa hatiani kwa kubaka yumo gerezani, na mtoto aliyemdhuru atakuwa na watoto wake kabla yeye hajatoka. Daftari letu lingejaa majina ya watu ambao tayari wamefungiwa mlango.

Hatari iliyoko mtaani ni ya yule asiyefikishwa mahakamani. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Linganisheni hesabu hiyo na idadi ya kesi mnazozijua. Zimekwenda wapi zilizobaki? Twajua sote. Zimemalizwa nyumbani. Wazee wa pande mbili wamekaa, zimetolewa fedha au mbuzi, baba wa mtoto ametia saini karatasi, na mara nyingine shahidi wa karatasi hiyo ni mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi. Twasema haya katika gazeti la Chama kwa sababu mabalozi ni watu wetu. Balozi anayepatanisha ubakaji amelirarua daftari kabla halijaandikwa, na mkosaji ataondoka na cheti safi cha polisi, aende akaombe kazi ya ulinzi katika bweni la shule wilaya ya pili.

Kwa hiyo sisi hatuungi mkono majina kubandikwa katika mti wa mkutano. Mkosaji mara nyingi ni mjomba, baba wa kambo, jirani. Likitangazwa jina lake, mtoto aliyeumizwa hutambulikana siku ile ile, na mama atakayeona hivyo atafunga mdomo wa bintiye asiseme kamwe. Twaunga mkono daftari litunzwe na mahakama, na kila mwenye shule, bweni, madrasa, kituo cha yatima au gari la kuchukua wanafunzi alazimishwe kuuliza kabla ya kuajiri, na ajibiwe kwa maandishi katika muda uliowekwa. Wafanyakazi wasiliogope swali hilo. Dereva na mpishi mwaminifu hapotezi kitu kwa kuulizwa.

Lakini kazi ya kwanza haingoji Bunge. Mwezi huu kila tawi liwaite mabalozi wake na kuwauliza, mmoja mmoja, ni kesi ngapi za watoto zilizoletwa barazani kwake mwaka uliopita, na ni ngapi alizozipeleka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.