"Wear off" si kuvua nguo

Nani alitudanganya kwamba Kiingereza kinafundishwa kwa kukimbia Kiswahili? Nauliza kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu tunarudi tena kwenye mazoezi ya kufundisha, na huko kuna lile tangazo la ukutani: hapa Kiingereza tu.

Chukua kitenzi kimoja, "wear off". Mwaka jana nilikifundisha kidato cha pili katika shule moja ya Temeke. Sentensi ilisema: "The injection wore off after two hours." Nikauliza maana yake. Kijana mmoja akajibu kwamba sindano ilivua nguo. Darasa zima kicheko. Lakini jamani, yule alikuwa amefikiri! "Wear" ni kuvaa, "off" ni kutoka, na kuvaa kwa kutoka si ndiyo kuvua? Hesabu imekaa sawa, ila kitenzi hakiendi hivyo.

Nikaeleza kwa Kiswahili. Umeng'olewa jino, umechomwa ganzi, mdomo mzito kama si wako. Umepanda daladala, na kabla hujafika Mbagala ganzi inaanza kuachia, kidogo kidogo, maumivu yanarudi. Huko kuachia ndiko "wear off". Hakuna aliyeiondoa, imekwenda yenyewe, ndiyo maana hatusemi ganzi "was worn off". Kelele za kigodoro zikitulia usiku wa manane, hiyo ni "die down". Mchango wa harusi ulioanza kwa kishindo kwenye grupu la WhatsApp, halafu watu wanasoma meseji na kukaa kimya, huo "petered out". Msichana wa dirishani akaandika kwamba manukato ya dada yake "wore off" ndani ya daladala. Sentensi safi kabisa.

Mbona sisi wenyewe tuna funga na fungua, ziba na zibua? Kiswahili kinageuza maana mkiani mwa kitenzi, Kiingereza kinaweka kipande pembeni. Mtoto akioneshwa hilo haogopi tena, wala hakariri orodha ya vitenzi arobaini.

Wapo watakaosema wanafunzi watadeka, hawatazungumza Kiingereza kamwe. Mimi nilitumia dakika kama tano katika kipindi cha dakika 40, na zilizobaki waliongea wao. Tukumbuke pia huyu mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yamegeuka. Asipoelewa "wear off" kwenye swali la Baiolojia kuhusu dawa, anapoteza maksi za Baiolojia, siyo za Kiingereza peke yake.

Msimamizi aliyekuja kunitathmini siku hiyo alikata maksi kwenye kipengele cha lugha ya kufundishia. Fomu ndivyo inavyomtaka. Serikali ya wanafunzi inapokutana na uongozi wa kitivo muhula huu, naomba ibebe ajenda moja tu kutoka kwetu wa ualimu: kipengele hicho kiandikwe upya, kipime kama wanafunzi wameelewa.