Vidonge vya Maumivu Si Karanga

Msimu wa kilimo ufikapo katika uwanda wa juu wa Ufipa, migongo ndiyo huumia kwanza. Mkulima ainamaye kutwa nzima akifukia majani kujenga intumba, na mchukuzi apandishaye magunia ya mahindi ghalani mjini Sumbawanga, wote hurejea jioni viungo vikiwauma. Si ajabu, basi, mtu kupitia dukani, akakatiwa vidonge viwili vitatu vya diklofenaki au ibuprofeni, akavimeza na njaa yake, na alfajiri akarudi kazini.

Hatumlaumu. Alaye kwa nguvu za mwili wake hana siku ya kupoteza. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba dawa hizi, zifaazo sana kwa maumivu na uvimbe, zadhuru zikitumiwa ovyo.

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza, John Vane, alieleza jinsi aspirini na jamii yake zifanyavyo kazi. Huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ziletazo uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hizo hizo huulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vema katika figo. Ndiyo sababu anywaye kila siku aweza kupata vidonda vya tumbo, au kuharibika figo, hali mgongo umetulia. Chakula hupunguza kiungulia. Hakiondoi hatari yote.

Kanuni ni fupi: kipimo kidogo kitoshacho, kwa siku chache. Mtu mzima anunuaye ibuprofeni bila cheti cha daktari ameze miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, wala asipite 1,200 kwa siku. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ukoo mmoja, zisichanganywe. Parasetamoli si ya ukoo huo, na mara nyingi yatosha, nayo kwa kipimo chake. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ya moyo, shinikizo la damu au pumu, pamoja na wazee na wajawazito, wasimeze kabla ya kumwuliza daktari. Na atokwaye jasho jingi shambani anywe maji ya kutosha, aepuke pombe.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, au mkojo ukipungua na miguu kuvimba, aache dawa na kwenda hospitali siku ile ile.

Wauzaji nao wana wajibu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ulikusudia mwananchi wa kijijini ahudumiwe na muuzaji aliyefundishwa. Muuzaji akataye vidonge bila kuuliza umri wala maradhi ya mnunuzi, wala kuandika kipimo, hatimizi wajibu huo.

Na waajiri je? Mgongo uumao wiki baada ya wiki wataka uchunguzi, mzigo mwepesi na mapumziko. Kidonge hakiwezi kuwa badala ya hayo. Jambo hili lastahili kujadiliwa katika mikutano ya wafanyakazi na ya vijiji. Afya ya mfanyakazi ndiyo mtaji wake. Tusikubali autumie wote katika msimu mmoja.