Jirani Kabla ya Nyumba

Tazama jirani kabla ya kutazama nyumba. Usemi huu tumeupata kwa Waarabu, nasi twautumia tukipanga na tukioza. Sikudhani kwamba siku moja utanihukumu kwa ajili ya samaki.

Nalinunua tangi la kioo, nikalipanda mimea ndani, likapendeza kama bustani baada ya mvua. Kisha nikaenda kwa muuzaji nikachagua kwa macho tu: neoni kumi wenye mstari wa buluu na wekundu, na enjelfishi wawili wachanga, mapezi yao kama tanga la jahazi. Kila mgeni aliyeingia barazani alisema mashallah. Baada ya miezi kadhaa neoni wakawa wanane, kisha watano. Kukicha nikihesabu, mmoja hayupo. Enjelfishi walikuwa wamekua, nao wakiwinda usiku.

Niliwaita wezi. Nikakosa. Enjelfishi humeza kila kiumbe kinachoenea kinywani mwake, na hiyo ndiyo riziki yake. Mwenye kosa ni aliyewafungia mlaji na mliwa katika nyumba moja isiyo na mlango.

Wako wasemao: ni samaki tu, mbona twawala? Naam, twawala. Lakini kumla ni jambo moja, na kumtesa ni jambo jingine. Samaki wa mtoni akifukuzwa hukimbia. Wa kioo atakwenda wapi? Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Naona hukumu hiyo yatugusa sote tuliofungia viumbe kwa ajili ya pambo.

Basi nasema, achaguaye samaki na aanze na maji. Sisi wa pwani tutumiao visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, maji yetu aghalabu ni magumu, yamejaa chokaa, hata sabuni haitoi povu upesi. Neoni asili yake ni mito ya Amazon, yenye maji laini na uchachu kidogo. Gapi na moli, kinyume chake, hustawi katika maji magumu kama yetu, nao ni wapole. Hata mmea wa valisneria, wenye majani marefu kama utepe, huyavumilia.

Pili, atazame tabia. Mbuna wa Ziwa Nyasa ana rangi za kupendeza na maji magumu ndiyo yake, lakini ni mgomvi, tena hufukua mchanga na kung'oa mimea. Samaki wa dhahabu naye hutafuna majani, na hupenda maji ya baridi kuliko wenziwe wa nchi za joto. Madume mawili ya samaki mpiganaji wa Thailand hayakai pamoja hata siku moja. Na wale waendao kwa kundi, kama neoni, wasipungue sita, kwani akiwa peke yake huishi kwa hofu.

Tatu, asisongamanishe. Ni kweli mimea hunywa uchafu wa samaki ikaugeuza chakula chake, lakini ina kadiri yake, na usiku mimea yenyewe huvuta hewa ile ile wanayoitaka samaki. Gapi huzaa sana. Wakizidi, mpe mwenzio mwenye tangi. Usiwamwage mtoni wakawadhuru wenyeji wa humo.

Wale enjelfishi nimewapa rafiki mwenye tangi kubwa lisilo na wadogo. Neoni waliobaki nimewatia maji ya mvua niliyoyakinga mahali safi, nikayachanganya kidogo kidogo na ya kisima, nikawaongezea wenzao hata kundi likatimia.

Muuzaji atakuuliza wataka rangi gani. Nawe muulize kwanza: huyu atoka maji gani, akikua atakuwa kiasi gani, na hula nini? Akishindwa kukujibu, rudi nyumbani na fedha zako.