Programu inayoongoza ordinatere zote za biro: ufunguo unabaki kwa nani?

Katika biro nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, kazi hiyo inafanyika kwa dakika chache. Fundi wa informatiki anafika, anaweka programu moja katika ordinatere ya mhasibu, anaandika neno la siri, anaondoka. Kuanzia siku hiyo anaweza kuifungua mashine hiyo akiwa nyumbani kwake, Kampala ao Kinshasa: kurekebisha imprimante, kuondoa virusi, kuweka toleo jipya la programu ya mahesabu. Mkurugenzi anafurahi, maana halipi tena transporti ya fundi. Swali la nani anaweza kuingia katika mashine hiyo, na mpaka lini, mara nyingi haliulizwi.

Programu zenyewe si za wezi. AnyDesk na TeamViewer zinajulikana kwa wengi. Zingine, kama ScreenConnect ao VSA ya kompanyi Kaseya ya Marekani, zinasaidia fundi mmoja kuangalia mamia ya mashine kwa mara moja. Lakini ili zifanye kazi, lazima zipewe uwezo mkubwa kuliko wa mtu anayekaa mbele ya kioo: kufuta faili, kuweka programu zingine, hata kuzima ulinzi. Hapo ndipo shida inaanza.

Mfano mkubwa unatoka mbali, Uswidi. Siku ya Posho, tarehe 3 mwezi wa saba 2021, maduka karibu 800 ya chakula ya Coop yalifunga milango. Bidhaa zilikuwemo, wafanyakazi walikuwepo, ila kese za malipo zilikuwa zimekufa. Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Kompanyi iliyohudumia kese zake ndiyo ilitumia VSA, na pengine keshia aliyekuwa akipima matunda hakuwa amesikia jina hilo hata siku moja.

Siku moja mbele, wadukuzi wa kundi REvil walikuwa wameingia katika serveri za VSA kupitia kosa ambalo lilikuwa halijarekebishwa. Watafiti wa Uholanzi walikuwa wamekwisha kuijulisha Kaseya tangu mwezi wa ine, na kazi ya kurekebisha ilikuwa inaendelea, wezi wakatangulia. Hawakuhitaji kuvunja mlango wa kila biro. Walituma amri moja, ikajionyesha kama marekebisho ya kawaida, na mashine zikaitii kwa sababu zilikuwa zimefundishwa kutii amri kutoka huko. Kwa hesabu ya Kaseya, wateja wake wa moja kwa moja walioguswa hawakufika 60. Lakini wengi wao walikuwa kompanyi zinazotunza ordinatere za wengine, ndiyo maana biashara zilizoumia zilifika kati ya 800 na 1.500. REvil waliomba dola milioni 70 ili kufungua faili zote.

Kuna jambo dogo katika habari hiyo linalostahili kuangaliwa vizuri. Maelekezo ya kuweka VSA yaliomba mafundi waiambie antivirusi isichunguze folda fulani, kusudi kazi ya programu isisumbuliwe. Faili ya wadukuzi iliangushwa ndani ya folda hiyo hiyo. Yaani mlinzi alikuwa ameambiwa asiangalie chumba kimoja, na aliyemwambia ni mwenye nyumba mwenyewe, siku ya kuweka programu.

Tena, si lazima kosa liwe ndani ya programu. Mwezi wa kwanza 2023, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilitoa onyo: wezi walikuwa wanatuma barua pepe zinazofanana na za huduma ya msaada, mfanyakazi wa serikali anapiga simu, anaongozwa mpaka anapakua AnyDesk ao ScreenConnect ya kweli kabisa. Toleo lililotumiwa ni lile lisilohitaji kuwekwa, linafunguka tu, hata kama mfanyakazi hana ruhusa ya kuweka programu. Kwa antivirusi, hakuna kitu kibaya hapo.

Katika Kongo, sheria ipo. Code ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu kuingia bila ruhusa katika mfumo wa informatiki. Shida ni neno "ruhusa". Fundi aliitwa, akapewa kiti, akaweka programu mbele ya watu wote. Kama hakuna karatasi inayosema ruhusa hiyo inaisha siku gani, kazi ya kumshitaki mwaka mmoja kisha mkataba kukatika itakuwa ngumu. Na si fundi peke yake: stajieri aliyemsaidia, ao ndugu anayetumia simu yake, wote wanaweza kuwa na neno lile la siri.

Vita vimeongeza uzito wa jambo hilo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, depo za misaada ziliporwa na wafanyakazi wengi waliondoka haraka. Ordinatere iliyobaki nyuma na kuangukia mikono mingine haipotezi tu faili zake. Ikiwa ni ile ya fundi, yenye orodha ya mashine zote na maneno ya siri yaliyohifadhiwa, inaweza kufungua biro za Beni, Kalemie ao Kinshasa ambazo hazikuguswa na risasi hata moja.

Kujilinda hakuombi pesa nyingi. Akaunti ya programu iwe kwa jina la shirika, si kwa anwani ya barua pepe ya fundi; iombe alama ya pili kwenye simu kabla ya kufunguka; mashine ya mhasibu ikubali kuingiliwa tu wakati mhasibu mwenyewe anabonyeza ndiyo. Na kwa wale walioacha mashine nyuma, kuiondoa moja katika orodha kunaomba kubonyeza mara mbili ao tatu, ikiwa ndani ya shirika kungali mtu anayejua akaunti hiyo ilifunguliwa kwa jina la nani.