Usikimbilie Kung'oa Jino

Ndugu msomaji, una meno mangapi kinywani mwako? Usikisie. Pitisha ulimi, uyahesabu. Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32. Wengi wetu hapa Masumbwe tukihesabu hatufiki huko. Mimi nina 29. Magego yangu matatu yaling'olewa.

Gego la kwanza lilikuwa na tundu dogo jeusi. Nikinywa maji ya baridi, lilishtuka. Nililivumilia karibu mwaka mzima. Lilipoanza kuuma usiku, nilikwenda zahanati moja. Nikachomwa sindano ya ganzi, likang'olewa, nikarudi nyumbani nimefurahi. Hakuna aliyeniambia kwamba jino lenye tundu dogo linaweza kuzibwa. Nami sikuuliza. Gego la pili na la tatu nilikwenda na kusema mwenyewe, "Ng'oa, daktari."

Sasa nikipewa michembe au karanga, natafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa.

Maoni yangu ni haya: tunachelewa kwenda kutibiwa, halafu tukifika tunaharakisha kung'oa. Jino la mtu mzima likitoka, haliji jingine. Mchimbaji akiuza dhahabu yake, kesho anaweza kupata nyingine. Jino halichimbwi mara ya pili.

Je, jino huozaje? Ndani ya kinywa mna vijidudu vidogo ambavyo macho hayavioni. Ukila kitu chenye sukari, vijidudu navyo hula sukari hiyo. Kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo hula ganda gumu la jino, kidogo kidogo, mpaka tundu litokee. Kwa hiyo kibaya zaidi ni kula sukari mara nyingi kwa siku. Mtu aliye kwenye duara hununua soda asubuhi. Hunywa funda moja, hurudi kazini, hunywa funda jingine. Mpaka jioni chupa moja imemaliza siku nzima ikiyaosha meno kwa sukari. Afadhali angeinywa yote mara moja wakati wa chakula, kisha akasukutua kwa maji.

Tundu likiwa dogo, jino haliumi sana. Hapo ndipo linapotibika kwa urahisi, na hapo ndipo sisi tunapokaa kimya. Tundu likifika kwenye mshipa wa ndani, maumivu hayalali. Wengine hutia tumbaku, wengine hutia maji ya betri. Maji ya betri ni tindikali kali. Yanaunguza jino, ufizi na shavu. Tena usidanganyike maumivu yakiisha yenyewe. Huenda mshipa umekufa, na uozo unaendelea kuteremka kwenye mzizi. Usaha ukishuka shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa, na mtu akafa. Ukiona shavu au shingo imevimba, una homa, huwezi kumeza wala kufungua mdomo vizuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje gulio lipite.

Utasikia watu wakisema, "Kuziba jino ni mambo ya watu wa mjini. Kunataka umeme na mashine." Hiyo si kweli, na neno hili linaniuma kuliko jino lenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa meno waliokuwa wakifanya kazi hapa hapa Tanzania walianza njia ya kuziba meno bila umeme. Mtaalamu hutumia vyombo vya mkono tu. Hukwangua sehemu laini iliyooza na kuacha sehemu nzima. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Kisha hutia saruji maalumu ya meno katika tundu na kuigandamiza kwa kidole. Mgonjwa hukaa saa moja bila kula, basi. Kazi hiyo yaweza kufanyika chini ya mwembe, au katika darasa la shule.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilieneza habari za njia hiyo ulimwenguni. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza saruji ya namna hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Basi njia iliyozaliwa kwetu imekwenda mbali, na sisi tuliobaki nyumbani bado tunapanga foleni ya koleo.

Sisemi kwamba kila jino huzibika. Likiwa limeoza mpaka ndani, hutakiwa kutibiwa mzizi katika hospitali kubwa, au kung'olewa kweli. Kung'oa kwa namna hiyo sikukatai. Lakini uliza kwanza: "Daktari, jino hili haliwezi kuzibwa?" Si utovu wa adabu kuuliza. Kama hapo hawana vifaa, uliza ni wapi wanavyo. Na kwenye mkutano wa kijiji, tunapozungumzia dawa za malaria na kitanda cha kujifungulia, mmoja wetu asimame aulize habari za saruji ya meno. Gharama yake si ya kutisha ukilinganisha na meno ya bandia.

Mama na baba, kuna kung'oa kwingine kubaya zaidi. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wengine husema ana meno ya plastiki. Hupelekwa kwa mtu anayekata ufizi na kutoa vijino ambavyo havijaota. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki. Mtoto hupoteza damu, hupata vidonda, na wengine wamekufa. Anayeharisha anahitaji maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na kupelekwa zahanati.

Jambo jingine wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifikisha kama miaka 6, magego manne huota nyuma ya meno ya utoto. Hayasukumi jino lolote, basi sisi hudhani nayo ni ya utoto, yatang'oka tu. Sivyo. Hayo ndiyo atakayotafunia mpaka uzeeni. Mswakie mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Mswaki wa mti nao unafaa, ukifika mpaka nyuma.

Leo kabla jua halijazama, mwite mwanao nje penye mwanga. Mwambie afungue mdomo. Tazama magego ya nyuma kabisa, juu na chini. Ukiona kitone cheusi au tundu, mpeleke wiki hii, kabla hajaanza kulia usiku.