Hizi nembo za kuwaka zitatuletea maiti

Haya wajameni, leo tuache programu kidogo. Nimechoka na nembo za taa zinazobandikwa nyuma ya magari hapa Endebess. Nyeupe, buluu, nyingine zinabadilika rangi kama disko la harusi!

Mtaniambia hata Volkswagen wanafanya. Kweli, Touareg ya 2023 ilitoka na nembo ya kuwaka nyuma. Rangi gani? Nyekundu! Mkataba wa Vienna wa 1968 hautaki taa nyeupe itazame nyuma, isipokuwa ile ya kurudi nyuma. Sasa wewe unashuka na Probox kutoka Suam usiku, ukungu wa Mlima Elgon umetanda, na wa bodaboda nyuma yako anaona mwanga mweupe tu. Atajuaje kama unaenda au unarudi?

Lakini kinachonikera zaidi ni waya. Fundi anachuna waya wa taa ndogo, anaunganisha kawaya kembamba kama ka chaja ya simu, anazungusha utepe, basi. Fyuzi ya hapo mara nyingi ni ya ampea 10, nembo haili hata 1. Kale kawaya kakichubuka pale buti linapokunjika, kakagusa bodi, kanaweza kuiva kabla fyuzi haijakatika. (Kazini kwetu, ukiingiza kodi bila kuijaribu, angalau hakuna anayeungua.)

Kama lazima uwe nayo, iwe nyekundu, hafifu kuliko taa ya breki, na fyuzi yake ya ampea 1 pale pale umeme unapochukuliwa. Fundi akikataa, mwambie aing'oe.