Vunjajungu wa Kufuga

Mtoto wako akileta vunjajungu nyumbani, usimtishe kwa habari za vyungu kuvunjika. Kwanza mtazame mdudu mgongoni. Kwa kawaida, mwenye mabawa yaliyofunika tumbo amekwisha kuwa mzima, wala hatajivua ngozi tena. Sehemu kubwa ya maisha yake ameimaliza majanini, nawe umempokea uzeeni! Atakaa nawe majuma machache, pengine miezi miwili mitatu, na dume hutangulia kufa. Basi akifa, mtoto asigombezwe kwamba hakumlisha.

Asiye na mabawa kwa kawaida bado mchanga. Huyo aweza kukaa miezi kadhaa. Mpe nzi na panzi wadogo walio hai, na matone ya maji. Chombo kiwe kirefu, chenye kijiti, maana hujivua ngozi akining'inia kichwa chini. Akikosa nafasi hulemaa. Wawili usiwaweke pamoja, watalana.

Jike mwenye tumbo nene huenda alikwisha kupandwa huko porini. Siku moja utaona povu limekauka kijitini. Usilitupe: ndani mna mayai, na mama akisha kufa huenda wakatoka watoto makumi kwa makumi. Kijiti hicho kipeleke bustanini.